Jinsi ya Kujua Ulipo kwa Ramani na Dira: Mazoezi ya Milima ya Ngong

Vitabu vingi vya dira viliandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, na msomaji wa Nairobi akivifungua hukwama mapema, kwenye sura ya kaskazini tatu. Kuna kaskazini ya kweli, inayoelekea ncha ya dunia. Kuna kaskazini ya gridi, yaani ile ya mistari ya wima iliyochorwa kwenye ramani. Kisha kuna kaskazini ya sumaku, inayofuatwa na sindano ya dira. Vitabu hivyo hujaza kurasa kwa hesabu za kujumlisha na kutoa tofauti zake, na wengi huchoka kabla hata ya kushika dira.

Sisi tumebahatika. Hapa karibu na ikweta, kaskazini ya gridi na ile ya kweli hazitofautiani hata kwa sehemu moja ya kumi ya digrii. Kaskazini ya sumaku nayo iko mbali na hizo mbili kwa chini ya digrii mbili. Digrii mbili ni mita 35 hivi kwa kila kilomita moja, na mkono wako ukitetemeka kidogo utakupotosha kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo ukiwa Nairobi, Ngong, Kiserian au Kajiado, sahau sura hiyo kwa sasa. Siku ukienda kupanda milima Cape Town, ambako tofauti inapita digrii 20, rudi uisome kwa makini.

Makosa ya huku kwetu hutoka kwingine: chuma kilicho karibu na dira, alama zilizochaguliwa vibaya, na ramani iliyochorwa kabla ya nusu ya barabara tunazozijua. Mwongozo huu utakaa zaidi kwenye hayo. Nimechukua Milima ya Ngong kuwa uwanja wa mazoezi kwa sababu inafikika kwa matatu za 111, ina mgongo mmoja mrefu unaoonekana vizuri, na ukiwa juu unaona mbali pande zote.

Ramani

Unayohitaji ni ramani ya topografia ya skeli ya 1:50,000, ileile uliyohangaika nayo katika mtihani wa Jiografia wa KCSE. Hizi hutolewa na Survey of Kenya, ambayo makao yake yako Ruaraka, kando ya Thika Road. Kwenye skeli hii sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi, na kila mraba wa gridi ni kilomita moja kwa moja.

Jambo la kwanza linalowapata wanunuzi wageni: karatasi iitwayo Nairobi, namba 148/4, haina Milima ya Ngong. Kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo, karibu kilomita 28 kila upande, na hiyo ya Nairobi inaanzia longitudo ya 36°45′ kwenda mashariki. Mji wa Ngong na mgongo wote wa milima uko magharibi ya hapo, kwenye karatasi ya 148/3. Ukisimama juu ya mgongo utaliona jengo la KICC bila shida siku isiyo na vumbi, lakini kwenye karatasi ya Ngong halimo. Ama nunua zote mbili uziunganishe kwa gundi ya karatasi, ama tumia alama zilizomo kwenye karatasi uliyo nayo. Mimi napendelea njia ya pili, na sababu utaiona mbele.

Kabla ya kukunja ramani, soma pambizo yake. Tafuta mwaka wa upimaji, na uangalie kama urefu umeandikwa kwa mita au kwa futi. Kilele kikuu cha Ngong, Lamwia, kina mita 2,460, ambazo ni zaidi ya futi 8,000. Anayechanganya vipimo hivyo viwili atajiona yuko mawinguni.

Karatasi nyingi zinazouzwa zilipimwa miongo mingi iliyopita. Hutaona reli ya SGR, ambayo ilifika Suswa mwaka 2019. Hutaona Southern Bypass wala mitambo ya upepo ya KenGen inayozunguka pale juu. Mashamba yaliyochorwa huenda leo ni mtaa wa maghorofa. Basi tegemea vitu visivyohama: vilele, migongo ya milima, makorongo, mito, na zile barabara kuu za zamani kama ya Magadi. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu uleule, zikisema hapa pana mteremko mkali, mteremko bado upo. Njia ya miguu iliyochorwa kwa vitone huenda ilishafungwa na fensi ya mtu.

Dira

Nunua dira ya bamba la plastiki angavu. Iwe na ukingo ulionyooka, mshale wa mwelekeo uliochorwa kwenye bamba, duara linalozunguka lenye digrii kutoka 0 hadi 360, na sindano inayoelea ndani ya maji. Ndani ya duara pawe na mistari sambamba na mshale mmoja mkubwa. Zile ndogo za kuning'iniza kwenye ufunguo ni pambo tu.

Ipime kabla ya kulipa. Iweke juu ya meza ya mbao na usubiri sindano itulie, kisha usome. Leta ufunguo karibu mpaka sindano icheze, uondoe ufunguo, uone kama sindano inarudi palepale. Isiporudi, mrudishie mwenye duka.

Pia ishike mbele ya macho uangalie kama sindano imelala sawa. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo tu. Huvuta pia kwenda chini au juu, kutegemea mahali ulipo. Mstari ambapo mvuto huo umelala kabisa unapita Ethiopia, kaskazini yetu, kwa hiyo hapa Nairobi ncha ya kusini ya sindano huvutwa chini. Viwanda huweka uzito kidogo upande mmoja wa sindano ili kusawazisha, na dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya hufika huku ikiwa na uzito kwenye ncha ileile inayovutwa. Matokeo yake sindano hukwaruza sakafu ya duara na kukupa jibu la uongo huku ikionekana nzima. Kama umeletewa dira na ndugu aliye ng'ambo, lichunguze hili kwanza. Zipo dira zilizotengenezwa zifanye kazi popote duniani. Ukiipata, bora hiyo.

Ongeza penseli iliyochongwa vizuri, kifutio, rula ndefu, na mfuko wa plastiki angavu wa kuikinga ramani na umande. Kalamu ya wino iache nyumbani.

Kusoma beringi

Beringi ni pembe kati ya kaskazini na kitu unachokitazama, ikihesabiwa kwa mwendo wa akrabu za saa. Mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270. Jifunzie kwenye uwanja wa wazi mtaani kwako kabla ya kupanda mlima wowote.

1. Shika dira kifuani, ikiwa imelala sawa, mshale wa mwelekeo ukitazama mbele yako.
2. Geuka mwili mzima, si mikono tu, mpaka mshale uelekee kitu ulichokichagua, tuseme tangi la maji lililoko juu ya jengo.
3. Zungusha duara mpaka mshale mkubwa wa ndani ulale chini ya ncha nyekundu ya sindano.
4. Soma namba iliyo kwenye mstari wa mshale wa mwelekeo. Hiyo ndiyo beringi.

Rudia mara kadhaa kwa kitu kilekile. Majibu yako yakitofautiana kwa digrii moja au mbili, uko vizuri. Yakiruka kwa digrii kumi, angalia simu yako iko wapi. Iliyo kwenye mfuko wa shati, sentimita chache kutoka kwenye dira, inatosha kuharibu kila kitu.

Chuma

Hapa ndipo watu wa mjini hukosea zaidi, kwa sababu sisi tunaishi ndani ya chuma: mabati, nondo, geti, fensi, nguzo. Vipimo vya kukumbuka ni hivi: kaa mita 10 au zaidi kutoka kwenye fensi ya waya, mita 20 kutoka kwenye gari, na mita 60 hivi kutoka chini ya nyaya za umeme wa msongo mkubwa. Simu, kisu na redio viwe umbali wa mkono ulionyooshwa, au zaidi. Juu ya Ngong ongeza minara ya mawasiliano na ile mitambo ya upepo. Tembea mbali nayo kabla ya kutoa dira. Usiiweke ramani juu ya boneti la gari ukasoma beringi hapohapo, hata kama ndipo panapofaa kuitandaza.

Mawe nayo yanahusika. Milima ya Ngong ni mabaki ya volkano ya kale, na mawe ya aina hiyo yana madini ya chuma ndani yake. Ukisimama juu ya mwamba ulio wazi, usiilaze dira juu ya jiwe, ishike kifuani.

Ipo njia ya kujua kama mahali pana uchawi huo. Chagua kitu mbele yako, mita mia hivi, usome beringi yake. Nenda ukasimame pale, ugeuke, usome beringi ya pale ulipotoka. Namba hizo mbili zapaswa kutofautiana kwa 180. Zisipotofautiana hivyo, moja ya sehemu hizo ina chuma kinachovuta sindano, na usipatumie.

Kuielekeza ramani

Kabla ya kutafuta ulipo, ifanye ramani itazame upande uleule inaoutazama dunia. Weka namba 0 ya duara kwenye mstari wa mshale wa mwelekeo. Laza ukingo wa dira kwenye mstari wowote wa wima wa gridi, mshale ukielekea juu ya karatasi. Kisha zungusha ramani na dira kwa pamoja mpaka sindano nyekundu iingie ndani ya mshale wake.

Sasa Bonde la Ufa liko kushoto kwako kwenye karatasi, na ukigeuza kichwa kushoto unaliona bonde lenyewe. Nairobi iko kulia. Maandishi ya ramani yakiwa kichwa chini kwa sababu wewe unatazama kusini, yaache hivyohivyo. Wengi huigeuza karatasi ili wasome majina, na papo hapo wanapoteza mwelekeo wote.

Kaa hapo dakika chache bila kuchora chochote. Taja kwa sauti unachokiona na mahali kilipo kwenye karatasi: ule ni mji wa Ngong, ile ni barabara ya kwenda Kiserian, lile ni korongo linaloshuka magharibi. Kama kuna mchungaji karibu, msalimie kwa heshima, umuulize: "Sopa, mzee. Kilima kile kinaitwaje?" Wenyeji wa Kimaasai wanazijua alama za bonde lile kwa majina, na jina moja sahihi linaweza kukuokoa na beringi tatu za kitu kisicho chenyewe.

Kupata ulipo: anza na mstari unaoujua

Mara nyingi tayari unajua nusu ya jibu. Ukitembea juu ya mgongo wa Ngong kutoka upande wa mji wa Ngong kwenda Kona Baridi, hujui uko sehemu gani ya mgongo, lakini unajua uko juu ya mgongo. Kwenye ramani, mgongo huo ni mstari, nao unakwenda takriban kaskazini hadi kusini. Ndivyo ilivyo pia ukiwa kando ya mto, kwenye barabara, relini au ukingoni mwa msitu. Unachohitaji ni mstari mmoja tu wa kuukata huo.

Alama ya kuukatia iwe ubavuni, yaani mashariki au magharibi yako. Mji wa Ngong haufai kwa kazi hii, maana uko karibu kwenye mwendo uleule wa mgongo, na mstari utakaochora utalala juu ya mgongo badala ya kuukata. Kiserian inafaa, kwa kuwa iko chini upande wa mashariki.

Tuseme uko katikati ya mgongo na unaisoma Kiserian kwa beringi ya 114. Namba hii ni ya mfano. Yako itategemea mahali uliposimama.

1. Usiguse tena duara; liache kwenye 114.
2. Weka dira juu ya ramani, ukingo wake ukigusa Kiserian, mshale wa mwelekeo ukitazama upande wa Kiserian.
3. Zungusha dira yote, bamba pamoja na duara, ukiwa umeshikilia ukingo palepale Kiserian, mpaka mistari ya ndani ya duara iwe sambamba na mistari ya wima ya gridi na herufi ya kaskazini itazame juu ya karatasi. Sindano isikushughulishe hapa. Kwenye hatua hii dira ni kipima pembe tu.
4. Chora mstari kando ya ukingo, kutoka Kiserian kurudi nyuma mpaka uvuke mgongo. Dira ikiwa fupi, endeleza kwa rula.

Pale mstari unapoukata mgongo ndipo ulipo.

Wanaopenda hesabu watageuza beringi kwanza: ikiwa ni chini ya 180 unajumlisha 180, ikiwa ni zaidi unatoa. Kwa hiyo 114 inakuwa 294, na mstari unachorwa kutoka Kiserian kwa pembe hiyo. Jibu ni lilelile. Shuleni tulifundishwa hivi kwa kipima pembe, na mtihani ulitaka hivyo. Ukiwa juu ya mlima kwenye upepo ule, kugeuza namba kichwani ni kujitafutia makosa.

Sasa lihakikishe jibu. Tazama kontua za pale ulipoweka alama. Je, ramani inasema uko juu ya kilele, au kwenye shingo kati ya vilele viwili? Na wewe umesimama wapi? Je, upande wa magharibi kontua zimebanana, na ukichungulia unaona mteremko mkali? Ngong ina vilele kadhaa vinavyofuatana, kwa hiyo ni rahisi kusema uko kwenye cha tatu kumbe uko kwenye cha nne. Beringi moja pamoja na umbo la ardhi humaliza ubishi huo.

Usipokuwa na mstari: alama mbili au tatu

Ukiwa kwenye ubavu wa mlima, au kwenye nyika kule chini bondeni, huna mgongo wa kuegemea. Hapo chukua beringi za alama mbili, uchore mistari miwili kwa njia ileile, na utazame inapokutana. Ya tatu ni ya kuhakikisha.

Kuchagua alama ni nusu ya kazi.

Mistari ikutane kwa pembe pana, karibu 90 ikiwezekana, na isiwe chini ya 30. Mfano mzuri wa kosa uko palepale Ngong. Ukitazama mashariki utaliona KICC, na nyuma yake mbali, siku nzuri, Kilimambogo upande wa Thika. Zote mbili ni alama nzuri za kutazama. Lakini kutoka sehemu ya kaskazini ya mgongo ziko karibu kwenye mwelekeo mmoja, zikitofautiana kwa digrii chache tu. Mistari yake italala pamoja na kukupa "makutano" yenye urefu wa kilomita kadhaa. Badala yake, mji wa Ngong uko upande wa kaskazini na Kiserian upande wa mashariki kuelekea kusini, na ukiwa katikati ya mgongo hizo mbili hukutana karibu kwa pembe mraba.

Alama iwe karibu. Hii ndiyo sababu sihangaiki kuunganisha karatasi mbili ili nipate KICC. Kosa la digrii mbili kwa kitu kilicho umbali wa kilomita 5 ni mita 175 hivi. Kosa hilohilo kwa KICC, iliyo karibu kilomita 24 kutoka pale, ni zaidi ya mita 800. Longonot na Suswa ni nzuri kwa picha na kwa kuielekeza ramani, ila si za kuchorea mstari.

Alama iwe nukta. Mji mzima una upana wa kilomita nzima au zaidi. Chagua kitu kimoja ndani yake, kwa mfano makutano ya barabara, daraja, au jengo ambalo una hakika limo kwenye ramani. Kwa kilima, lenga kilele chenyewe, si bega lake.

Ukichora mistari mitatu, usitarajie ikutane kwenye nukta moja. Itafanya pembetatu ndogo. Pembetatu yenye upande wa milimita mbili au tatu kwenye ramani, yaani mita 100 hadi 150 za ardhi, ni kazi safi. Chukulia uko ndani yake au karibu nayo, kisha uache kontua na makorongo yakuonyeshe ni wapi hasa. Pembetatu ikiwa kubwa kiasi cha mraba wa gridi, usichukue katikati yake ukatulia. Mstari mmoja ni mbovu. Huenda alama moja si ile uliyodhani, au umesoma karibu na chuma, au umechora kwa kuelekeza mshale kinyume na mstari umetoka upande usio wake. Rudia yote, ukianza na ile alama uliyokuwa na shaka nayo tangu mwanzo.

Kuliandika jibu

Mahali ulipo huandikwa kwa tarakimu sita. Anza na mstari wa wima ulio kushoto ya nukta yako: soma namba zake mbili, kisha kadiria sehemu za kumi kwenda kulia. Halafu mstari wa ulalo ulio chini yake: namba mbili, na sehemu za kumi kwenda juu. Kwa mfano, 423 516 maana yake uko kwenye mraba wa 42 na 51, sehemu tatu za kumi kwenda mashariki na sita kwenda kaskazini. Inakupa usahihi wa mita 100. Daima mashariki kwanza, kaskazini baadaye. Andika na namba ya karatasi, maana tarakimu hizohizo zinapatikana kwenye karatasi nyingine pia.

Simu inaposema kitu kingine

Ukifungua simu ili uhakikishe, utashangaa. Ramani hizi za zamani zimejengwa juu ya datumu, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, iitwayo Arc 1960, lakini simu hutumia nyingine iitwayo WGS84. Kwa eneo la Nairobi mifumo hii miwili inapishana kwa zaidi ya mita 300. Ukichukua namba za mahali ulipo zinazoonyeshwa na simu na kuziweka moja kwa moja kwenye karatasi, nukta yako itakaa karibu mita 300 kusini ya ulipo kweli, na kidogo mashariki, mita 90 hivi. Kwenye ramani hiyo ni milimita 6 kwenda chini. Sasa usilaumu dira yako wala simu. Programu nyingi za ramani zinakuruhusu kubadili datumu kwenye mipangilio. Ibadili iwe Arc 1960, na gridi iwe UTM 37 Kusini, ambayo ndiyo ya ramani hii, kisha linganisha tena.

Dira iliyo ndani ya simu iache. Nayo husoma sumaku ya dunia, huvurugwa na kasha lenye kifungo cha chuma, na huhitaji kurekebishwa kila mara.

Jua

Ile mbinu ya kuelekeza mkono wa saa kwenye jua ili kupata kusini ilitungwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta. Hapa itakupoteza. Kati ya Aprili na Agosti jua la mchana Nairobi liko upande wa kaskazini. Novemba hadi Januari liko kusini. Karibu na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linapita utosini. Asubuhi na jioni ndipo linafaa, tena kwa makadirio: mwezi Juni huchomoza digrii 23 hivi kaskazini ya mashariki, na Desemba kiasi hichohicho kusini. Usiku usiitafute Nyota ya Kaskazini, maana kwetu iko chini ya upeo wa macho.

Ukungu ukishuka

Pale juu ukungu huja haraka, hasa miezi ya baridi, na alama zote hupotea. Ndiyo maana unaweka nukta kwenye ramani kila unapofika mahali unapopatambua, na kuandika saa kando yake. Ukiwa na nukta ya mwisho, mwelekeo na muda, unaweza kukadiria ulipo. Kanuni ya William Naismith wa Uskoti, ya mwaka 1892, bado inafaa: kilomita 5 kwa saa, na uongeze saa nzima kwa kila mita 600 unazopanda. Kama umepita nusu saa tangu nukta ya mwisho, ukipanda mita 100, umetembea chini kidogo ya kilomita mbili. Bora zaidi, jipime nyumbani: hesabu hatua zako kwa mita 100 kwenye uwanja wa shule, kisha uzihesabu tena kwenye mteremko, kwani zitaongezeka.

Nenda na wenzako, na mlangoni ulizia askari wa misitu wa KFS (Kenya Forest Service) wanaoweza kuandamana nanyi.

Ukilazimika kuomba msaada, piga 999 au 112, au 1199 ya Kenya Red Cross. Anayepokea simu huenda hana karatasi ya 148/3 mezani, na ana simu kama yako, kwa hiyo mpe namba za mahali ulipo kama simu yako inavyozionyesha kwa WGS84, ukitaja kuwa ni hizo, halafu umweleze kwa maneno ulichokipata kwa dira: mgongoni, shingo ya pili kusini ya mitambo ya upepo, upande wa Kiserian, mita mia mbili chini ya njia.